Chandidas: mshairi mmoja au jina la wengi?

MLETA MADA: Wasomi wamemgawa Chandidas, mshairi wa Kibengali aliyeimba mapenzi ya Radha na mungu wa Kihindu Krishna, wakamfanya watu wawili, watatu, hata wanne. Mimi nasimama na waumini wa Krishna, wanaomwona kuwa mtu mmoja. Krishnadas Kaviraj, alipoandika maisha ya Chaitanya, mwalimu wa dini ya Krishna aliyefariki mwaka 1534, alieleza jinsi mwalimu huyo alivyoburudika kwa nyimbo za Chandidas na za mshairi mwingine, Vidyapati, wala hakuona haja ya kuuliza Chandidas yupi. Mtu akitunga ujanani kwa namna moja na uzeeni kwa nyingine, kuna ajabu gani?

MCHANGIAJI: Ndugu yangu, hoja ya ujana na uzee umeitwisha mzigo isioweza kuubeba. Mwaka 1909 Basanta Ranjan Roy alikuta muswada katika zizi la ng'ombe kijijini Kankilya, karibu na Bishnupur, kurasa za mwanzo na za mwisho zikiwa zimepotea. Ulichapishwa mwaka 1916 kwa jina la Shrikrishna Kirtan, ambalo ni la mhariri, si la mtunzi. Humo mtunzi anajitaja kuwa Baru Chandidas, mtumishi wa mungu mke Bashuli. Krishna anamtuma bibi kizee Barayi ampelekee Radha tambuu na maua, na Radha anavitupa na kumzaba kuwadi huyo kibao. Baadaye Krishna anajifanya mtoza ushuru njiani, kisha mvushaji mwenye mashua, ilimradi ampate. Linganisha na nyimbo za waumini, ambamo Radha analisikia tu jina la Shyam, yaani Krishna, likaingia sikioni, likashuka moyoni, naye hajiwezi tena. Hapo mara nyingi mtunzi ni Dwija Chandidas, yaani Mbrahmani, au Dina, yaani fukara. Sahihi hiyo, bhanita, hukaa mwishoni mwa wimbo, kama watunzi wa tenzi zetu wanavyojitaja katika beti za mwisho. Ila nyimbo hizi zilipita vinywani mwa waimbaji vizazi na vizazi, na jina lenye sifa halikosi wa kulibandika. Tena Kibengali cha muswada ni kikongwe kuliko cha nyimbo hizo.

MLETA MADA: Kibao hicho kimenigusa, nakiri. Kuhusu lugha, waimbaji wangeweza kuilainisha bila kumbadilisha mtunzi. Lakini Bashuli utamweka wapi? Anatajwa pia katika baadhi ya nyimbo za waumini, na vijiji viwili vinavyomgombea mshairi, Nanoor wa wilaya ya Birbhum na Chhatna wa wilaya ya Bankura, kila kimoja kina hekalu la Bashuli.

MCHANGIAJI: Lugha nakuachia, maana kweli waimbaji hulainisha. Waimbaji, hata hivyo, hawambadilishi mwanamke anayempiga kuwadi kofi akawa mwanamke anayezimia kwa kusikia jina. Na kuhusu Bashuli, mahekalu mawili yana watumishi zaidi ya mmoja, kwa hiyo ushahidi wako huo nauchukua mimi.