114/900 ya EQ au 130/650 ya Dobsoni: ipi kwa webukamu?

Kilimia256: Habari wakuu. Nataka kuanza kupiga picha za anga kwa webukamu ya USB niliyo nayo. Zimebaki darubini mbili: 114/900 (upana wa kioo na urefu wa fokasi, kwa milimita) yenye stendi ya EQ, inayozunguka kwenye mhimili ulio sambamba na ule wa Dunia, na 130/650 ya Dobsoni ya kuweka mezani, inayosukumwa kwa mkono juu-chini na kushoto-kulia. Muuzaji anataka jibu Ijumaa. Ipi?

FundiLenzi: Uko wapi? Unataka kupiga nini? Webukamu gani? Galaksi sahau, webukamu haikusanyi mwanga kwa muda mrefu.

Kilimia256: Samahani. Niko Mukono, Uganda. Mwezi, Mshtarii na Zohali. Bajeti shilingi milioni moja na nusu, Barlow (lenzi ya kuzidisha ukuzaji) ikiwemo. Muuzaji anasema ile ya EQ inakuza mara 675.

Nyota_Gulu: Mara 675 ni za kwenye boksi. Kioo cha milimita 114 kinaishia kama mara 230, kupita hapo ni ukungu mtupu.

EQ kwa Mukono ni mateso. Mhimili wake lazima ulale sambamba na ardhi, kwa sababu mko karibu kabisa na ikweta, na stendi nyingi ndogo hugoma kushuka chini ya nyuzi 15 au 20. Ukilazimisha kwa kuinamisha tripodi, inaelemea kaskazini na kuanguka. Hata ikikubali kushuka, sayari ikiwa chini karibu na upeo, mashariki au magharibi, uzito wa kusawazisha unaning'inia wima na unaweza kugonga miguu ya tripodi. Nyota ya Kaskazini nayo imezama kwenye vumbi la upeo. Chukua Dobsoni.

Mwezi_Mpevu: Sikubali. Fundi wa kulehemu Katwe, Kampala, anakutengenezea kabari ya chuma ya kulaza mhimili, na dira inatosha kuelekeza mhimili kaskazini. Dobsoni unaisukuma kwa mkono, Mshtarii unakimbia.

FundiLenzi: Unakimbia, lakini unarekodika. Kwa 130/650 na Barlow ya mara 3, kihisi cha kamera cha upana wa milimita 3.6 kinavukwa na sayari kwa sekunde 25 hivi. Weka sayari ukingoni mwa picha, iache ipite huku programu ya SharpCap inarekodi, sukuma, rudia mara 6. Usizidishe dakika 3 kwa jumla, Mshtarii hujizungusha kwa saa zisizofika 10 na mistari yake itavurugika. Kisha programu ya PIPP inaiweka sayari katikati, na ya AutoStakkert inachagua robo ya fremu bora na kuziunganisha.

Zima mwangaza wa otomatiki! Kamera ikiona giza inaongeza mwanga, sayari inageuka doa jeupe.

Mwezi_Mpevu: Webukamu hukaa mahali pa lenzi ya jicho ya darubini bila lenzi yake yenyewe. Ukiifungua lenzi hiyo ya webukamu, tazama nyuma yake. Kile kigae chenye rangi mara nyingi ni kichujio cha infraredi, kikitoka na lenzi picha itakuwa nyekundu. Kwa adapta ya kuishikiza webukamu kwenye darubini, paipu ya sinki ya milimita 32 ipige msasa kidogo, inaingia.

Kilimia256: Paipu nyeupe si itarudisha mwanga ndani?

Nyota_Gulu: Ipake nyeusi isiyong'aa. Na hiyo webukamu, lenzi yake inafunguka kweli? Nyingine zimegundishwa.

Kilimia256: Ngoja nitafute bisibisi.