Gari nililouziwa limeshapata ajali na muuzaji alinificha: nina haki gani?

Muulizaji: Ndugu zangu, naomba ushauri. Wiki tano zilizopita nilinunua gari lililotumika kwa mfanyabiashara wa magari. Kabla ya kulipa nilimwuliza kwa ujumbe wa simu kama limewahi kupata ajali, naye akajibu, "Halijawahi kuguswa." Juzi tairi la mbele kushoto lilianza kulika upande wa ndani. Fundi alipofungua boneti, alinionyesha boliti za madigadi zilizobanduka rangi kwenye pembe kwa sababu ya spana, kisha chini ya injini nikaona mhimili wa chesisi ulionyooshwa na kulehemiwa. Muuzaji anadai kuwa karatasi niliyosaini inasema gari limeuzwa "kama lilivyo", ila yuko tayari kunifanyia alaimenti, yaani kurekebisha mkao wa matairi, bure. Je, nikubali?

Fundi Bodi: Usikubali, na gari lisirudi kwake kabla ya kukaguliwa na fundi asiye na uhusiano naye, kwa maana akishapaka rangi nyeusi juu ya ule mshono wa kulehemu hutakuwa na cha kuonyesha. Ripoti iandikwe na kusainiwa, iwe na picha, namba ya chesisi na kilomita zilizosomwa siku hiyo. Mwombe fundi apime pia unene wa rangi: ya kiwandani kwa kawaida haifiki mikroni 200 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), lakini penye puti, yaani lahamu ya kuziba mabonyeo, kipimo huweza kupita 1,000. Hata hivyo rangi peke yake haithibitishi ajali, kwani hata mkwaruzo wa ukutani hupakwa upya. Ushahidi wako mzito ni chesisi. Angalia pia taa ya mfuko wa hewa kwenye dashibodi, ambayo hupaswa kuwaka unapofungua swichi na kuzimika baada ya muda mfupi. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu aliyeichomoa ili kuficha kwamba mifuko ilishapasuka na haikurudishiwa mingine.

Wakili Mstaafu: Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, lakini katika nchi nyingi kukaa kimya na kusema uongo ni mambo mawili tofauti. Muuzaji binafsi ambaye hakuulizwa kitu mara nyingi huwa na pa kujitetea, ingawa zipo sheria zinazombana hata huyo kwa kasoro iliyofichika aliyoijua. Wako aliulizwa na akajibu. Maneno "kama lilivyo" kwa kawaida hayamkingi mtu aliyedanganya, kwa hiyo unaweza kudai mkataba utenguliwe urudishiwe fedha zako, au ubaki na gari ulipwe tofauti kati ya thamani yake halisi na bei uliyotoa. Usikawie kuchagua, kwa sababu kadiri unavyoendelea kulitumia baada ya kugundua kasoro ndivyo haki ya kulirudisha inavyopungua. Mwandikie barua ya madai yenye tarehe ya mwisho ya kujibu, ubaki na nakala, na usisaini chochote kinachosema kuwa alaimenti hiyo imemaliza madai yote.

Mnunuzi Mwenzako: Mimi ningetanguliza swali moja: je, alijua? Huenda naye aliuziwa hivyo hivyo.

Wakili Mstaafu: Swali ni zuri, ila halimwokoi kama wengi wanavyodhani. Kutokujua kunaweza kumwondolea tuhuma ya udanganyifu na kupunguza fidia, lakini kauli isiyo ya kweli iliyokufanya ununue inaweza kutosha kutengua mauziano hata kama aliyeitoa aliiamini. Mmiliki wa awali, au kampuni ya bima iliyolipia ajali hiyo, anaweza kueleza ni lini na nani aliarifiwa.

Muulizaji: Nashukuru sana. Gari nimeliegesha tangu jana na fundi mwingine atalikagua kesho. Muuzaji amenipigia usiku huu akiniomba nifute ule ujumbe ili, kwa maneno yake, "tuongee kirafiki".

Fundi Bodi: Usiufute. Upige picha sasa hivi, namba yake na tarehe vionekane, kisha uihifadhi mahali pengine nje ya simu hiyo.