Okidi ya chui: mtini, kwenye kumbi au katika kikapu cha mkaa?

Mkaazi wa Fuoni
Assalamu alaikum. Nimepata mche wa okidi ya chui (Ansellia africana) kutoka kwa mpanda maua mwenzangu, ambaye aligawa wake baada ya kujaa chunguni. Una mashina manne manene yenye urefu wa futi moja hivi, na mizizi myeupe iliyo hai. Nataka kuchagua baina ya kuufunga kwenye mwembe ulio mashariki ya nyumba, kuubandika kwenye kumbi la nazi nililotundika barazani, au kuupanda katika kikapu cha waya chenye vipande vya mkaa. Maji yangu ni ya kisima, na kwa sababu ya kazi siwezi kumwagilia zaidi ya mara moja kwa siku.

Mwalimu mstaafu, Wete
Waalaikum salaam, mwanangu. Mimi nachagua mti bila kusita. Okidi hii huota yenyewe juu ya miti katika nchi nyingi za Afrika, na wala si kimelea, kwani hushikilia gome tu bila kunyonya utomvu. Jirani yangu alitaka kuing'oa kwenye mfenesi wake kwa hofu hiyo, nikamwonesha mizizi yake ikakwanguka bila kuacha jeraha. Itazame ikikua: mbali na mizizi inayoshika gome, hutoa mingine myembamba iliyosimama juu kama sindano, ambayo hunasa majani makavu, nayo yakioza huwa ndiyo mbolea yake. Kumbi haliwezi kuipa nafasi hiyo. Ifunge kwenye panda ya mti kwa kamba ya usumba, usitumie msumari, mwanzoni mwa masika, wakati mizizi mipya inapochipua. Epuka mpera, kwa sababu gome lake hubambuka na mizizi ikaanguka nalo.

Mama wa bustani, Makunduchi
Shikamoo Mwalimu. Nakubaliana nawe kuhusu mti, lakini si kila mti wala kila pahala. Mwembe mkubwa una kivuli kizito, na okidi ya chui hutaka mwanga mwingi kuliko okidi nyingi. Ikikosa mwanga hurefuka, ikawa na majani ya kijani kilichokolea, isitoe hata ua moja. Huku kwetu, zaidi ya hayo, upepo wa kusi huleta chumvi ya bahari hadi uani.

Kuhusu kumbi, nina uchungu nalo. Nilichukua makumbi yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya usumba, nikayasuuza mara moja tu, nikapanda. Ncha za mizizi ziligeuka nyeusi zote, na mche ukafa. Anayetaka kumbi na alichukue lisilofika baharini, kisha alilowekee maji matamu kwa siku kadhaa huku akiyabadilisha kila siku. Hata hivyo kumbi hulegea na kuoza baada ya muda, ilhali mkaa hauozi upesi, hupitisha hewa, na maji hayatuami. Kwa mtu anayeshinda kazini, mimi naona kikapu.

Mtunza bustani, Mjini
Naongeza jambo la maji, kwa sababu naona limepitwa haraka. Kisima kilichochimbwa katika jiwe la matumbawe hutoa maji yenye chokaa, ambayo huacha ukoko mweupe juu ya mkaa na juu ya mizizi. Kinga mvua kwenye pipa lenye kifuniko, uyatumie hayo. Kama hayatoshi, basi angalau mara moja kwa wiki osha mkaa wote kwa maji ya mvua. Mwagilia asubuhi, wala usiache maji yakae ndani ya machipukizi machanga, maana huoza upesi. Mara moja kwa siku inatosha wakati mashina mapya yanakua. Yakishakomaa, punguza, kwani mashina yale manene ni akiba yake ya maji, na kipindi cha ukavu ndicho kinachoiandaa kuchanua. Usifuate kanuni hii kwa Angraecum eburneum, ile yenye maua meupe yanayonukia usiku: hiyo haina mashina ya akiba na haipendi kukaushwa.

Mkaazi wa Fuoni
Ahsanteni sana. Je, nianze na kikapu, kisha masika yakiingia niuhamishie mtini?

Mwalimu mstaafu, Wete
Hapana, mwanangu. Mizizi ikishaufumbata mkaa, kuihamisha ni kuikata. Chagua moja.

Mkaazi wa Fuoni
Basi nimeamua kutumia kikapu, ila nitakitundika kwenye tawi la nje la mwembe, upande unaopata jua la asubuhi, pasipo na kivuli kizito. Majani makavu yatakayoangukia mizizini nitayaacha yalipo, na leo nimeweka pipa chini ya mchirizi wa paa.

Mama wa bustani, Makunduchi
Sawa kabisa. Funga mashina yasitikisike na upepo, kwa sababu mizizi mipya haishiki mkaa unaocheza.