Tupeane uzoefu: springi za kufuli la mazoezi zikilegea au kukatika, mlizitengenezaje?

kitasa_mezani
Wakuu, heshima kwenu. Sisi tunaojifunza ufundi wa vitasa kwa kufuli zetu wenyewe tunajua kinachokufa kwanza ni springi. Pini, vile vijiti vidogo vinavyoinuliwa na ufunguo, ni za shaba nzito, zinadumu, lakini springi ni waya mwembamba kama uzi. Naomba kila mtu aeleze zake ziliharibikaje na alifanya nini.

Naanza. Langu ni silinda ya mlango ya pini tano, nililipata likiwa limeshatumika. Tundu la tatu lilikuwa halirudishi kitu: pini ukiipandisha inabaki hukohuko. Nilipofungua nikakuta springi imekunjwa, imenaswa kati ya kiini (sehemu inayozunguka na ufunguo) na mwili wa kitasa. Hiyo ni kazi ya mtu aliyevuta kiini bila kukifuatia na kitu nyuma. Kila tundu lina pini ya chini inayogusa ufunguo na pini ya juu inayosukumwa na springi. Kiini kikitoka, pini za juu zinarushwa nje na springi zinachungulia; ukikirudisha kwa nguvu, zinabanwa.

Dawa ni kijiti cha mbao cha mviringo, unene sawasawa na kiini. Ingiza ufunguo, zungusha kidogo ili matundu ya juu (ya mwili) na ya chini (ya kiini) yasikutane, toa klipu ya nyuma, kisha sukuma kiini kwa kijiti, visiachane hata kwa unywele. Usizungushe nusu duara nzima, maana pini za juu na springi zake zinaweza kudondokea kwenye njia ya ufunguo.

fundi_gerezani
Mkuu umeeleza vizuri. Mimi niko Dar, vitasa ndiyo kazi yangu, nami naongeza namna ya kujua springi imekufa kabla hujafungua chochote.

Wanafunzi wengi hushika kufuli pini zikiwa upande wa juu. Ukilishika hivyo, pini zinashuka kwa uzito wake, hata springi ikiwa imekatika huoni tofauti kubwa. Kufuli za mbao za Misri ya kale zilifanya kazi hivyo hivyo, pini ziliangushwa na uzito, springi hakuna. Sasa ligeuze juu chini. Tundu lenye springi nzima litasukuma pini ipande, lenye springi mbovu litaiacha imelala. Ndiyo sababu silinda za Kiulaya tunazofunga sana kwenye milango huku, ambazo pini zake hukaa chini, springi ikifa mwenye nyumba anajua siku hiyo hiyo.

La pili: usibadilishe moja ukaacha nyingine zilizochoka. Kufuli la mazoezi lipo ili vidole vijue uzito wa pini. Tundu moja likiwa gumu na lingine laini, unajifunza springi, hujifunzi kufuli. Mimi nabadilisha zote pamoja, na nazitoa kwenye silinda moja kuukuu ya aina ileile ambayo mteja ameiacha.

mpwani_nyali
Huku Mombasa adui ni hewa ya chumvi. Springi za chuma cha kawaida hushika kutu ndani ya kufuli lililokaa tu kwenye droo, kisha zinakatika vipande viwili, kipande kimoja kinateleza kando ya pini na kuikaza. Nimehamia springi za shaba na za chuma cha pua. Msitegemee sumaku peke yake kuzitenganisha: shaba haishikwi, lakini waya wa chuma cha pua ukishavutwa na kukunjwa kuwa springi unaweza kushikwa kidogo.

Jambo jingine, msichanganye oili na unga wa grafiti. Vikikutana vinakuwa tope, na springi hazirudi tena.

binti_plaizi
Kuna wanaopendekeza kutumia springi ya kalamu badala ya ya kufuli. Nawauliza: mmewahi kuiingiza kweli? Ni nene, haiingii kwenye tundu la pini lenye takriban milimita 3. Iliyonifaa ni ile inayosukuma jiwe la kiberiti cha gesi. Ni nyembamba na ndefu, unakata kipande unachotaka. Hakikisheni gesi imekwisha kabisa kabla ya kufungua. Ncha iliyokatwa ni kali, kwa hiyo naiweka upande wa mwisho wa tundu, ile ya kiwandani ndiyo iguse pini. Ila ni ngumu kuliko za asili, nazitumia nikiwa nimeweka hizo hizo kwenye matundu yote.

Kuhusu kuvuta springi iliyolegea ili irefuke, mimi sikubaliani nako kabisa. Inapona siku chache, kisha inalegea tena, na mizunguko haiwi sawa.

Na wenye kufuli za plastiki ang'avu: msizisafishe kwa spiriti wala tina (thinner). Kuna kijana aliniletea lake limejaa nyufa ndogondogo kuzunguka matundu.

pini_sita
Langu ni la pini sita, lina skrubu ndogo juu ya kila tundu, kwa hiyo springi nimezibadilisha bila kugusa kiini. Shida ni kwamba sasa hata ufunguo wake hauingii mpaka mwisho. Nimekosea wapi, wakuu?

fundi_gerezani
@pini_sita springi ni ndefu mno, au skrubu imezama sana. Springi ikibanwa mpaka mizunguko yote inagusana inakuwa kama msumari, pini haina pa kwenda. Hesabu mizunguko, zidisha kwa unene wa waya. Jibu lazima liwe dogo kuliko nafasi inayobaki pini ikipanda kikomo. Kwanza legeza skrubu zote nusu mzunguko, ujaribu ufunguo, kisha kaza moja moja.

pini_sita
Ufunguo umeingia na kiini kimezunguka! Tundu la nne ndilo lililokuwa linazuia, pini yake ya chini ndiyo ndefu kuliko zote. Nimepunguza mizunguko miwili kwenye springi hiyo.

fundi_gerezani
Basi punguza na nyingine tano, zilingane.