Mjadala: Aliyeliwa mazao na tembo alipwe fidia, si kifuta jasho

Ninaleta hoja hii kwa ndugu wanaopakana na hifadhi na kwa wale wanaozijua kwa kuzitembelea tu: Serikali ya Tanzania iache kumpa kifuta jasho, yaani malipo madogo ya pole, mkulima aliyeliwa mazao na tembo, imlipe fidia inayolingana na alichopoteza, tena kabla msimu mwingine wa kilimo haujaanza. Naamini hatua hiyo ingewalinda tembo kuliko kituo kingine kipya cha askari wa wanyamapori.

Sipuuzi kazi ya askari. Idadi ya tembo nchini ilishuka kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014, na jangili mwenye bunduki ya kivita hazuiliwi kwa mkutano wa kijiji. Hata hivyo Operesheni Tokomeza, msako wa majangili wa mwaka 2013, ilitufundisha gharama ya kutegemea nguvu: ilisitishwa kufuatia malalamiko ya mateso, vifo na upotevu wa mifugo, na mawaziri wanne wakapoteza nyadhifa zao. Jangili anayetoka mbali huhitaji mtu wa kumwonyesha njia, kumpikia na kumfichia pembe, na mtu huyo hupatikana kijijini. Kijijini hukohuko ndiko anakopatikana pia wa kwanza kujua kwamba mgeni ameingia. Huyo atakwenda kumwambia nani, ikiwa askari humwona siku tembo alipojeruhiwa, na hamwoni siku mahindi yalipoliwa?

Msimu mmoja nililala kwenye dungu la shangazi yangu, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Bunda, magharibi mwa Serengeti. Kamba ya katani iliyopakwa pilipili na oili chafu ilizunguka shamba lote. Saa nane usiku hatukusikia kishindo chochote. Tulisikia mabua yakivunjika taratibu, kama mtu anayetafuna muwa. Tukapiga madebe, tukamulika tochi, vijana wa mashamba ya jirani wakaitikia kwa kelele, na tembo wakahamia upande wa pili wa shamba wakaendelea kula. Alfajiri ekari mbili zilikuwa zimelala chini, na shangazi akaokota mahindi yaliyosalia yakajaa beseni moja. Aliyetakiwa kufanya tathmini alifika siku ya tisa, mabua yakiwa yameshamalizwa na ng'ombe, akauliza ushahidi uko wapi. Malipo yalikuja baada ya misimu miwili na hayakutosha hata gharama ya trekta.

Kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi 1,000,000 kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama hatari, na kwa mazao shilingi zisizozidi 100,000 kwa ekari, mwisho ekari tano, kiwango kikipungua kadiri shamba linavyosogelea mpaka wa hifadhi. Yaani anayeumia mara nyingi zaidi ndiye anayepata kidogo zaidi. Hata viwango vikipandishwa, tatizo la jina linabaki palepale, kwa kuwa jasho hufutwa na mtu aliyekuonea huruma, ilhali fidia ni deni ambalo mwananchi anaweza kulidai mbele ya sheria.

Kenya walikwenda mbali zaidi. Sheria yao ya wanyamapori ya mwaka 2013 inataja fidia waziwazi, na kwa kifo iliweka shilingi milioni 5 za Kenya, lakini familia nyingi zimesubiri kwa miaka kwa sababu bajeti haikutosha. Ndiyo maana napendekeza kwetu sehemu ya viingilio vya watalii ikatwe langoni, iwekwe katika mfuko wa fidia kabla haijaingia Mfuko Mkuu wa Serikali, na tathmini ifanywe ndani ya siku tatu na kamati ya kijiji ikiwa pamoja na afisa wanyamapori.

Hoja ya upande wa pili ninayoiheshimu zaidi ni ya shoroba: kwamba watu wamelima kwenye mapito ya wanyama na sasa wanataka kulipwa kwa kosa lao. Nakubali kuwa aliyefungua shamba ndani ya ushoroba uliokwisha kutangazwa kisheria, huku bikoni, yaani alama za mpaka, akiziona, asilipwe. Lakini yako mashamba yaliyorithiwa kabla ya bikoni hizo kusimikwa, na wenye nayo hawakumfuata tembo; mpaka ndio uliowafuata. Kuhusu madai ya uongo, kamati ya kijiji inamjua kila mwenye shamba na ukubwa wa shamba lake.

Ndugu wa Tunduru, Same, Mikumi na Taita Taveta, tuambieni kwenu tathmini huchukua siku ngapi na nani hushika kipimo. Na anayeamini kwamba fidia kamili itawavuta watu walime mpakani kwa makusudi, aeleze yeye angemlipa nini mtu ambaye shamba lake lilikuwapo kabla ya mpaka.