Mrejesho: mdogo wangu na kozi za kompyuta za bure

Wakuu, salaam. Mtakumbuka niliuliza: mdogo wangu yuko Mbeya, kamaliza kidato cha nne, ada ya chuo hatuna, ajifunzie wapi kompyuta bila malipo?

Mwanzo tulipigwa chenga. Kituo kimoja kilichobandika "mafunzo bure" kikataka sh. 30,000 ya fomu. Tukaachana nacho.

Tukamsikiliza mmoja wenu aliyetaja freeCodeCamp, tovuti ya kujifunzia kutengeneza programu na kurasa za wavuti. Ni bure kweli, mwanzo hadi cheti. Kikwazo ni Kiingereza, na zaidi simu. Kuandika msimbo (yale maagizo ya kompyuta, "code") kwenye simu ni adhabu: yale mabano yenye ncha, < na >, yamefichwa ukurasa wa pili wa kibodi, dogo anasahau kufunga tegi moja (alama ya kuanza na kumaliza kila sehemu ya ukurasa), kisha nusu saa nzima anatafuta kosa huku bando linakwisha.

Kilichotuokoa ni steshenari ya jirani. Asubuhi anafagia na kutoa kopi, jioni anaachiwa kompyuta. Umeme ukikatika anaandika msimbo kwenye daftari, ukirudi anaunakili. (Hilo daftari mimi silielewi hata mstari.)

Cheti cha kutengeneza kurasa za wavuti kinadai miradi 5. Kamaliza minne, wa tano ni ukurasa wake binafsi, kaweka picha aliyopigwa harusini kwa dada, suti ya kuazima.

Ajira hajapata, nisiwadanganye. Ila wiki jana mwenye steshenari kamwagiza ukurasa wa bei zake, akampa 15,000. Yote kanunulia bando.

Asanteni sana.