ERK (protini ya kupitisha ishara ndani ya seli) yenye fosfeti haionekani vizuri kwenye bloti (kipimo cha kutambua protini kwenye utando kwa kingamwili)

Mwanafunzi, Bukavu: Jambo wandugu. Seli zimepewa EGF (kichocheo cha ukuaji) dakika 5. ERK ya jumla, yenye fosfeti na isiyo nayo, inaonekana wazi, ila mstari wa ERK yenye fosfeti ni hafifu na utando wote umekuwa mweusi. Kosa liko wapi?

Jibu: Ndugu, ukishapasua seli, fosfatasi, yaani vimeng'enya vya kuondoa fosfeti, zinaendelea kung'oa fosfeti. Tia kwenye bafa vanadati ya sodiamu milimola 1 kwa lita na floridi ya sodiamu milimola 50, kabla ya kupasua. Vanadati irekebishwe hadi pH 10, ichemshwe mpaka rangi ya njano iishe, la sivyo inazuia fosfatasi kidogo tu. Barafu iandae mapema, umeme wa hapa unaujua.

Jibu: Kama ulifunika utando kwa maziwa kabla ya kuweka kingamwili, weusi ule huenda ni maziwa! Kazeini, protini ya maziwa, yenyewe imebeba fosfeti, kingamwili inaweza kuishika. Funika utando kwa albumini ya ng'ombe asilimia 5 ndani ya TBS (bafa ya Tris), si PBS (bafa yenye fosfeti).

Jibu: Pima pia dakika 0, 15 na 30. MEK, kimeng'enya kinachoiwasha ERK, huipa fosfeti mbili, kwa ERK1 ni kwenye threonini 202 na tairosini 204. ERK ikiingia kiini huipa Elk-1 (protini ya kuwasha jeni) fosfeti, na jeni la FOS huwaka.